Mwandamo wa mwezi: Picha ya simu kutoka Kakamega haitoshi kuamua Idd

KILA Shaabani au Ramadhani inapotimiza siku 29, Waislamu kote nchini Kenya huelekeza macho upande wa machweo. Jua likishazama, simu huanza kulia kutoka Lamu hadi Mumias, na swali huwa ni moja tu: je, mwezi umeandama?

Jawabu la swali hilo huwaunganisha watu mwaka huu na kuwafarakanisha mwaka ujao. Si ajabu katika mtaa mmoja, na pengine katika nyumba moja, ndugu mmoja kuswali Idd na kula pilau ilhali mwenziwe angali amefunga.

Jambo lenyewe si dogo. Kufunga siku ya Idd ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni dhambi. Ndiyo maana mwumini hawezi kulichukulia suala la mwandamo kuwa la kalenda tu, wala hawezi kuambiwa achague siku inayompendeza.

Katika miaka ya karibuni kadhia hii ya kale imepata mgeni, nayo ni picha ya simu. Mtu akiuona mwezi, au akidhani ameuona, huupiga picha na kuisambaza kabla hajamwarifu imamu wake. Kwa muda wa dakika chache picha hiyo huwa imezunguka nchi nzima, na kila aliyeipokea amekwisha kuwa hakimu.

Kwa mtazamo wa haraka, picha yaonekana kuwa dawa ya mzozo huu. Ushahidi wa macho wa mtu mmoja waweza kutiliwa shaka, lakini picha, watu husema, haisemi uongo. Uchunguzi wa jambo lenyewe, hata hivyo, waonyesha kwamba picha isiyoandamana na maarifa yaweza kuzidisha utata badala ya kuupunguza.

Kaunti ya Kakamega ni mahali panapofaa kulipimia suala hili. Uislamu uliingia huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, waliopokewa katika makao ya watawala wa Wanga. Joseph Thomson alipofika huko mwaka wa 1883, mji uliojulikana kama Kwa Sundu tayari ulikuwa kituo cha misafara. Nabongo Mumia, aliyetawala hadi alipofariki mwaka wa 1949, alisilimu, na mji unaoitwa kwa jina lake ungali kitovu cha Waislamu wa magharibi mwa Kenya.

Kwa hivyo, kuutazama mwezi si desturi ngeni katika eneo hilo. Isitoshe, katika lugha za Waluhya, kama ilivyo katika Kiswahili, neno moja, omwesi, hutumika kwa mwezi wa angani na kwa mwezi wa kuhesabu siku.

FUNZO LA MACHI 2025

Mfano ulio wazi zaidi wa mzozo huu ni Idd-ul-Fitr ya mwaka wa 2025. Saudi Arabia ilitangaza kwamba mwezi umeandama jioni ya Jumamosi, Machi 29, na ikasherehekea Idd Jumapili, Machi 30. Oman, nchi yenye uhusiano wa damu na wa lugha na Waswahili, ilisherehekea Jumatatu, Machi 31. Nchini Kenya, mapumziko ya kitaifa ya Idd yalikuwa Jumatatu hiyo.

Siku hiyo ya Machi 29, jua lilipatwa kwa sehemu, na tukio hilo likaonekana Ulaya, kaskazini magharibi mwa Afrika na mashariki mwa Amerika Kaskazini. Jua haliwezi kupatwa ila mwezi unapopita kati yake na dunia. Kupatwa huko kulikuwa ithibati, mbele ya macho ya mamilioni ya watu, kwamba mwezi mpya ulikuwa unazaliwa wakati huohuo. Kwa saa za Afrika Mashariki, ilikuwa karibu saa nane mchana.

Siku hiyo jua la Kakamega lilizama kama saa moja kasorobo jioni. Mwezi ulikuwa na umri wa chini ya saa tano, na ulikuwa umejitenga na jua kwa chini ya digrii nne. Digrii nne ni kadiri ya upana wa vidole viwili na nusu, mkono ukinyooshwa mbele ya uso.

Elimu ya nyota yaeleza kwamba mwezi ulio karibu na jua kwa chini ya digrii saba hivi hauonekani kwa macho matupu. Mpaka huo hujulikana kwa jina la mtaalamu wa Ufaransa, André Danjon, aliyeueleza katika miaka ya 1930. Ni nadra sana pia mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 kuonekana bila chombo.

Kwa hesabu hiyo, hakuna aliyeweza kuuona mwezi jioni hiyo akiwa Mumias, Mombasa au Makka. Jioni iliyofuata mwezi ulikuwa umepita umri wa saa 28, na palipokuwa na anga safi haukuhitaji macho ya kozi.

Tofauti ya siku moja kati ya Riyadh na Muscat, kwa hivyo, haikuletwa na anga. Ililetwa na namna kila nchi inavyopokea na kupima ushahidi. Hilo ndilo jambo la msingi ambalo mjadala wa humu nchini huelekea kulisahau.

UMBALI NA MAWINGU

Kuna dhana iliyoenea kwamba Saudi Arabia huuona mwezi mapema kwa sababu iko mbele ya Kenya. Ramani haiungi mkono dhana hiyo. Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, mashariki kidogo ya digrii 39 na nusu, na nchi hizo mbili hutumia saa zilezile.

Mwezi mchanga huwa rahisi zaidi kuonekana kadiri mtu anavyoelekea magharibi, kwa sababu machweo ya huko huchelewa na mwezi huwa umeongeza umri. Kakamega iko magharibi ya Mombasa kwa digrii tano hivi, na jua lake huzama takriban dakika 20 baada ya lile la Mombasa.

Dakika hizo zisitiwe chumvi. Haziwezi kuufanya mwezi wa saa tano uonekane. Zaweza kuwa na maana tu katika ile jioni ya mashaka, mwezi unapokuwa katika mpaka mwembamba baina ya kuonekana na kutoonekana.

Faida kubwa ya Kakamega ni nyingine. Kutoka Mombasa hadi mji wa Kakamega, kwa mwendo wa ndege, ni zaidi ya kilomita 700. Wingu linaloifunika pwani si lile linalolifunika eneo la magharibi. Anga ya Kakamega ni shahidi wa pili asiyeegemea wa kwanza.

Isitoshe, wengi husahau kwamba bahari ya Kenya iko mashariki. Mtu anayetafuta mwezi mchanga mjini Mombasa huipa bahari kisogo na kutazama bara, juu ya mapaa na minazi. Kakamega nayo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ardhi huteremka taratibu kuelekea Mumias, Busia na mpaka wa Uganda, ambako ndiko jua linakozama.

Adui wa Kakamega ni mvua. Eneo hilo ni miongoni mwa yale yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na mawingu yake hujikusanya alasiri, upepo wa Ziwa Victoria unapokutana na ule wa mashariki. Mara nyingi asubuhi huwa nyangavu na jioni huwa nzito, na mwezi mchanga hutafutwa jioni.

Hata hivyo, kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa kawaida. Katika miaka ya kuanzia 2026 hadi 2031, mwanzo wa Ramadhani unasogea kutoka Februari hadi Januari na hatimaye Desemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mvua hupungua Kakamega. Kwa miaka hiyo, eneo la magharibi lina nafasi ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani kabla ya masika kuanza.

PICHA YATHIBITISHA NINI?

Mnamo Julai 8, 2013, mpigapicha wa Ufaransa Thierry Legault aliunasa mwezi katika sekunde ileile ya kuzaliwa kwake, mchana, jua likiwaka. Alitumia darubini, kamera ya miali isiyoonekana kwa macho na kizuizi maalum cha mwanga wa jua. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani ya mwaka huo, na Waislamu wa nchi nyingi walianza kufunga Julai 10.

Picha hiyo ilikuwa ya kweli, lakini hakuna jicho la binadamu lililoweza kuuona mwezi huo. Hapa ndipo penye fundo. Ikiwa sharti ni kuona kwa macho, basi picha iliyonaswa na chombo chenye uwezo kupita jicho hailitimizi. Ikiwa chombo kinakubaliwa bila mpaka, basi mwezi waweza kunaswa hata kabla ya jua kutua, na desturi ya kuutafuta jioni inakosa maana.

Simu ya mkononi ina tatizo la kinyume chake, kwa maana yaweza kuonyesha kisichokuwapo. Mnamo Machi 2023 kulizuka mjadala mkubwa kuhusu baadhi ya simu za Samsung, baada ya mtumiaji mmoja kuonyesha kwamba simu yake ilichora mabonde ya mwezi juu ya picha iliyokuwa imefifishwa makusudi. Kampuni hiyo ilieleza kwamba programu ya akili mnemba huutambua mwezi na kuongeza ubayana wake.

Kadhalika, mwanga ukigonga kioo cha kamera huweza kuacha alama yenye umbo la hilali. Mkia wa ndege uliomulikwa na jua lililokwisha kuzama umewahi kuwahadaa wengi, na Zuhura, nyota ya jioni inayong'aa kupita zote, hudhaniwa kuwa mwezi na mtu mwenye hamu ya kuona.

Hayo hayamaanishi kwamba picha haina thamani. Picha huwa shahidi mzuri inapoweza kuhojiwa, na maswali ya kuihoji ni machache: ilipigwa wapi, saa ngapi na kuelekea wapi? Picha yenye mnara wa msikiti, mti au kilima kinachojulikana huweza kulinganishwa na hesabu ya mahali mwezi ulipokuwa dakika hiyo. Kuna programu za bure, kama vile Stellarium, zinazomwezesha hata mwanafunzi wa shule ya upili kufanya ulinganisho huo.

Umbo la mwezi nalo hutoa ushahidi. Kakamega iko karibu kabisa na ikweta, chini ya nusu digrii kaskazini yake. Mwezi mchanga wa huko hulala kama mashua, pembe zikielekea juu, na upande wenye nuru ukitazama chini lilikozama jua. Picha ya hilali iliyosimama wima kama ile ya kwenye bendera, ikidaiwa kupigwa Mumias jioni ya mwandamo, yapasa kutiliwa shaka mara moja.

KUTAZAMA NI UJUZI

Kuutafuta mwezi mchanga hakuhitaji gharama kubwa, lakini kwahitaji mazoea. Mtazamaji huchagua mahali palipo wazi upande wa magharibi, huweka alama pale jua lilipozamia, kisha husubiri dakika 15 hadi 20 mpaka wekundu upungue. Karibu na ikweta mwezi huteremka karibu wima na giza huingia upesi, hivyo nafasi ya kuuona mara nyingi haizidi nusu saa.

Darubini ya macho mawili husaidia mno kuupata mwezi, na ukishapatikana, macho matupu huweza kuufuata. Tahadhari moja haina mjadala: darubini isielekezwe machweoni kabla jua halijazama lote, kwa kuwa jua laweza kulipofua jicho kwa muda mfupi sana.

Anayepiga picha kwa simu huiegemeza mahali imara au kwenye stendi ya miguu mitatu, huupunguza mwanga wa kioo kwa kidole, na hutumia kichelewesha muda ili mkono usitikise simu. Picha ya kwanza yapasa kuwa pana, ionyeshe upeo wa macho na alama ya mahali. Ile iliyovutwa karibu hufuata baadaye. Mwenye nia ya kutoa ushahidi huihifadhi picha asilia bila kuipamba, kwa kuwa ndani yake mna kumbukumbu ya siku na saa.

Mazoea hayo hayapatikani kwa kutazama mara mbili kwa mwaka. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 au 30, na mzunguko wake wa wastani ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Mtu anayeutafuta mwezi wa Rajabu na wa Shaabani huwa tayari wa Ramadhani unapofika. Taa za mji haziwi kikwazo kikubwa, tofauti na hali ilivyo kwa nyota hafifu, kwa hivyo mkazi wa mjini Kakamega hana haja ya kwenda hadi msituni.

Wasio Waislamu pia wana sehemu yao. Mwezi mpevu unapochomoza juu ya ukingo wa Nandi, mashariki mwa kaunti, hauulizi dini ya anayeutazama. Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa kikamilifu na kugeuka rangi ya shaba kwa zaidi ya saa moja, tukio hilo lilikuwa juu ya anga ya Kenya nzima. Katika somo la fizikia, hakuna maabara ya bei nafuu kuliko hiyo.

NANI AAMUE?

Kwa desturi, tangazo la mwandamo nchini Kenya hutolewa na Kadhi Mkuu. Ifahamike, hata hivyo, kwamba Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 huyawekea mahakama za kadhi mipaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Mwandamo wa mwezi haukutajwa.

Maana yake ni kwamba tangazo hilo hutegemea imani ya umma kuliko nguvu ya sheria. Serikali huweza kutangaza siku ya mapumziko, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kufungua. Imani hiyo ndiyo mtaji, nayo hukua watu wanapojua jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Wanazuoni wenyewe hawakuwa na kauli moja tangu zamani. Wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi Afrika Mashariki, hushikilia kwamba kila eneo lina mwandamo wake. Wao hukumbuka habari ya Kuraib, aliyerejea Madina kutoka Shamu akiwa ameuona mwezi mapema, na Ibn Abbas akakataa kuwafungulisha watu wa Madina kwa ushahidi wa Shamu. Wengine, hasa wa madhehebu ya Hanafi, huona kwamba mwandamo wa mahali pamoja unawatosha wote.

Hitilafu hiyo haitaondolewa na darubini wala na mhariri wa gazeti. Linaloweza kuondolewa ni utata juu ya ukweli wenyewe: je, mwezi ulikuwapo mahali unapoweza kuonekana, na ni nani aliyeuona?

Hapo ndipo Kakamega inapoweza kutoa mchango wake. Kaunti hiyo ina jamii kongwe ya Waislamu mjini Mumias, na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2007. Kitaifa kuna Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka huo huo wa kumi baadaye, 2017. Misikiti ina mashahidi, chuo kina walimu wa fizikia, na shirika lina dhamana ya kueneza elimu ya anga.

Kinachohitajika si jengo la mamilioni. Ni mahali pamoja panapojulikana, darubini moja, watu kadhaa walionolewa, na daftari litakalojazwa kila jioni ya tarehe 29, mwaka mzima. Jioni ambazo mwezi haukuonekana ziandikwe kwa uangalifu uleule, pamoja na sababu: je, palikuwa na mawingu, au anga ilikuwa safi na mwezi haukuwapo? Habari ya kutoonekana chini ya anga safi ina uzito mkubwa, ilhali ya kutoonekana chini ya mawingu haina uzito wowote.

Hesabu za wataalamu nazo zitangazwe mapema, si kwa nia ya kumpokonya shahidi nafasi yake, bali kumkinga asishuhudie lisilowezekana. Yeyote atakayedai kuuona mwezi ambao bado haujazaliwa, awe na picha au asiwe nayo, ataulizwa maswali kabla ya taifa zima kuandaa pilau.

Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema. Lakini katika kadhia ya mwandamo, mwenye macho anahitaji kuambiwa atazame wapi, saa ngapi, na aandike nini baada ya kuona. Picha itakayotoka Mumias ikiwa na majibu ya maswali hayo itakuwa imemsaidia Kadhi Mkuu kuamua. Isiyo na majibu hayo, hata iwe nzuri namna gani, ni pambo la simu tu.